Kijana Anaporudi Nyumbani Alfajiri



Katika vikundi vyetu vya akina mama, hasa shule zinapokaribia kufungwa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Anayeliuliza huliuliza kwa sauti ya chini, tena mkutano ukiwa umekwisha: "Kijana wangu amepata kibarua cha usiku. Nimkataze ama nimwache?"

Vibarua vyenyewe ni vya namna nyingi. Mjini Kisumu kuna vijana wanaokaanga chipsi pale Kondele mpaka usiku wa manane, kuna wanaosafisha magari, na kuna wanaobeba mizigo sokoni Kibuye kabla hakujapambazuka. Lakini kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa, kutoka Dunga mpaka Usenge, na ng'ambo kule Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, kibarua cha usiku tunachokijua sana ni kimoja: uvuvi wa omena.

Nimeandika makala haya kwa sababu jambo hili liliingia nyumbani kwangu. Mimi si mwanasheria wala si daktari. Ni mzazi aliyekosea kwanza, akaulizauliza, akajifunza. Huenda niliyojifunza yakamsaidia mwingine kabla hajakosea kama mimi.

SHILINGI MIA TATU CHINI YA KIKOMBE

Ilikuwa Agosti mwaka wa 2019. Shule zilikuwa zimefungwa, na uvuvi wa omena ulikuwa umefunguliwa tena, maana serikali huufunga kwa miezi kadhaa kila mwaka kuanzia Aprili ili samaki hao wapate kuzaana. Kijana wetu wa kwanza alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa. Asubuhi moja nilipoamka kuwasha jiko nilikuta shilingi mia tatu juu ya meza, zimewekwa chini ya kikombe. Mwenyewe alikuwa amelala sakafuni, nguo zimelowa, ananuka samaki na mafuta ya taa. Jioni iliyotangulia alikuwa ameniambia anakwenda kulala kwa binamu yake.

Nikamwamsha kwa hasira. "Umetoka wapi wewe?"

"Ziwani, Mama. Nilienda na boti ya Baba Mdogo. Hizo pesa ni za unga."

Nilimkemea sana. Nikamwambia asirudie tena. Halafu, ndugu msomaji, nitasema ukweli: nilizichukua zile shilingi mia tatu nikaenda kununua unga. Jioni tulikula ugali wa pesa ile ile niliyoikemea asubuhi. Kijana alininyamazia, lakini alikuwa ameona. Juma lililofuata alikwenda tena, na safari hii hakusema ati anakwenda kwa binamu. Mimi nami sikuuliza.

Nimelianza jambo hili hapa kwa sababu wazazi wengi tunapozungumza juu ya kazi ya usiku tunamzungumza kijana peke yake: ukaidi wake, marafiki zake, tamaa yake ya simu. Tunasahau kuitazama sufuria yetu.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Kabla ya kumkataza kijana jambo, ni vizuri ulijue jambo hilo. Mimi nilizaliwa mbali na ziwa, kwa hiyo ilinibidi nimuulize shemeji yangu, mwenye mashua, anieleze.

Omena ni samaki mdogo kama kidole, yule anayeitwa dagaa kule Tanzania na mukene kule Uganda. Huvuliwa usiku kwa taa. Mashua huondoka jioni ikiwa na watu kama wanne. Wakifika wanapotaka, huweka taa juu ya maji, zikielea. Zamani zilikuwa taa za karabai za mafuta. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwanga huwavuta wadudu wadogo wa majini na omena wenyewe. Wavuvi husubiri, wakati mwingine saa nzima au zaidi, kisha huzungusha wavu wenye matundu madogo na kuuvuta. Halafu wanaanza tena, mpaka kunakaribia kucha.

Kwa sababu hiyo kazi hii hufuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, kwa hiyo watu hupumzika. Giza likirudi, mashua hutoka usiku baada ya usiku. Mzazi aelewe jambo hili: kazi hii haijali Jumamosi wala siku ya mtihani. Giza likiangukia juma la mitihani, basi ni juma hilo hilo mashua zinatoka.

Na malipo? Hakuna mshahara. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za usiku ule, kama mafuta na chakula. Kisha mwenye mashua, nyavu na taa huchukua fungu lake, ambalo ni kubwa. Kinachobaki ndicho wanachogawana waliovua, na kijana mgeni mara nyingi hupata kidogo kuliko wenzake. Usiku mzuri mwanangu alipata mia tano. Kuna usiku aliorudi mikono mitupu, na usiku mmoja alirudi akiwa anadaiwa pesa ya chai na mandazi aliyokula kwa mkopo. Kwa hiyo yule anayehesabu ati "mia tatu mara siku thelathini" anajidanganya.

USINGIZI HAULIPWI MCHANA

Baba yao anafanya kazi ya ulinzi mjini, zamu ya usiku. Aliporudi nyumbani na kupata habari alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mimi nimelinda geti la watu miaka kumi na mmoja. Nalala mchana, lakini sijawahi kushiba usingizi. Usiku haulipwi mchana."

Wataalamu wa usingizi wanasema vivyo hivyo. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku, kuliko sisi watu wazima. Mwili wake bado unajengwa, na ubongo huyapanga aliyojifunza mchana wakati amelala. Tena kuna jambo linalotupotosha wazazi. Mtoto anapobalehe, saa ya mwili wake husogea mbele, usingizi ukachelewa kumjia. Ndiyo maana unamwona kijana macho makavu saa tano za usiku, mchangamfu kabisa, nawe unasema, "Huyu ana nguvu, usiku haumsumbui." Kumbe deni analiweka. Atalipia asubuhi darasani.

Wetu alilipia hivyo. Shule zilipofunguliwa aliendelea kwenda ziwani, usiku mbili au tatu kwa juma. Mwalimu wake wa darasa aliniita. Hakusema kijana ni mtukutu. Alisema tu, "Mama, huyu kijana hayupo. Anakaa kwenye dawati lakini hayupo." Kwenye hesabu alikuwa ameshuka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 31.

Na kuna mambo mengine ya afya. Mbu waletao malaria huuma usiku, na eneo letu la ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini. Chandarua tulichopewa kliniki kimefungwa nyumbani juu ya kitanda, lakini mtoto yuko ziwani. Kuna baridi ya nguo mbichi. Kuna chupa ya chang'aa na msokoto wa bangi vinavyopitishwa ndani ya mashua, ati vinaondoa baridi. Kijana wa miaka 16 akiwa katikati ya wanaume watatu wanaokunywa, ni vigumu awe yeye wa kukataa.

ZIWA LA USIKU SI ZIWA LA MCHANA

Wazee wetu walijua kwamba ziwa hugeuka usiku. Sababu yake ni hii. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Mawingu hujikusanya huku kwetu, na mvua hunyesha alasiri au jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto, na upepo huvuma kutoka bara kuelekea ziwani. Pepo hizo zikitoka pande mbalimbali na kukutana juu ya maji, hewa hupanda kwa nguvu na kuzaa ngurumo na dhoruba. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mashua za omena ziko nje.

Ongeza giza. Ongeza gugu maji, ambalo tangu lilipoingia upande wetu wa ziwa karibu na mwaka wa 1990 limekuwa likifunga njia ghafla upepo ukibadilika. Ongeza viboko wanaotoka majini usiku kwenda malishoni. Halafu jiulize: kuna jaketi la kujiokolea la mtoto wangu katika mashua ile? Nilipomuuliza shemeji alikuna kichwa. Yalikuwa mawili kwa watu wanne, na moja lilikuwa limechanika.

NA WASICHANA JE?

Msifikiri ni habari ya wavulana tu. Mashua zinaporudi kukipambazuka, ufuo umejaa wanawake wenye mabeseni wanaosubiri kununua. Kuna akina mama wanaowatuma binti zao kushika foleni, au kuanika omena kabla ya shule. Msichana wa miaka 15 anatoka nyumbani saa kumi za usiku, peke yake, njiani giza.

Sote tunajua neno jaboya. Ni ule mtindo wa mvuvi kumpa mwanamke samaki kwanza kwa kuwa ni mpenzi wake, na asiyekubali hukosa samaki. Kwa mtindo huo na kwa mengine, kaunti zetu za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimekuwa mbele katika nchi kwa maambukizi ya ukimwi. Wanawake wa ufuo wa Nduru, hapa Kaunti ya Kisumu, walipochoka na mambo hayo walianza mwaka wa 2011 kumiliki mashua zao wenyewe, ili wasimpigie mvuvi magoti. Ikiwa wanawake wazima walihitaji mashua ndipo wapate heshima, je, mtoto wa shule ataipata vipi akiwa na beseni tu?

Kwa hiyo mama unayemtuma binti ufuoni gizani, hata kama ni kwa saa moja tu, fikiri tena. Beseni hilo lingoje jua litoke, au ulichukue wewe mwenyewe.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi huniambia, "Lakini hata sisi tulifanya kazi tukiwa wadogo." Ni kweli. Na sheria haikatazi mtoto kumsaidia mzazi shambani au kuchota maji. Inachokataza ni kazi inayomharibu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kusoma elimu ya msingi na haki ya kulindwa na kazi ya hatari au ya kunyonywa. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema aliye chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa. Aliye kati ya 13 na 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumzuia kuhudhuria shule. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwajiri mtoto katika shughuli za viwanda kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mwenye mashua anaweza kukujibu, "Mashua yangu si kiwanda." Basi msomee Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Hiyo haiulizi kama ni kiwanda au si kiwanda. Inakataza kumtia mtoto yeyote katika kazi iliyo ya hatari, au inayoingilia masomo yake, au inayoweza kudhuru afya na makuzi yake.

Wala hili si jambo la wazungu wa juzi. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mojawapo ya mapatano yake ya kwanza lilihusu kazi ya usiku ya vijana viwandani. Mwaka 1999 likapitisha mapatano juu ya kazi mbaya kabisa za watoto, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 2001, na katika mapendekezo yake kazi ya usiku imetajwa miongoni mwa mambo yanayoifanya kazi kuwa ya hatari. Hata Marekani, ambako wanafunzi wengi hufanya vibarua katika hoteli na maduka, kwa kawaida aliye na miaka 14 au 15 lazima aache kazi saa moja jioni wakati shule zimefunguliwa. Kwa hiyo wasiwasi wa mzazi juu ya kazi ya usiku si woga wa mama tu. Dunia nzima imeuona.

TULIVYOKETI CHINI

Pamoja na hayo yote, sheria haipiki ugali. Nilijua nikimwambia kijana "sheria imekataza" atanijibu kimoyomoyo, "Na unga je?"

Siku moja ya Jumapili baba yao alituketisha sote watatu. Badala ya kuanza na makosa ya kijana, alichukua daftari akasema, "Leo tutahesabu nyumba hii." Mficha uchi hazai. Tuliandika kila kitu: mshahara wake, faida yangu ya mboga, kodi, unga, mafuta. Tukaandika shule. Tangu mwaka 2008 serikali imekuwa ikilipia masomo katika shule za sekondari za kutwa, lakini kila mzazi anajua kwamba pesa ya chakula cha mchana, sare na michango mingine hubaki kwetu.

Hapo ndipo kijana alipofungua mdomo. Kumbe muhula wa pili alikuwa amefukuzwa mara mbili kwa sababu ya pesa ya chakula, na hakutuambia. Alikuwa anashinda mjini mpaka jioni, kisha anarudi nyumbani kama mtu aliyetoka shule. "Niliona hamna, Mama," akasema. "Niliona nijitafutie."

Mimi nilikuwa nimemdhania tamaa ya simu. Kumbe alikuwa anatuonea huruma. Nililia siku hiyo, sitaficha.

Hesabu ilituonyesha kwamba pengo la nyumba halikuwa kubwa kama tulivyolihofia. Pesa ya chakula cha shule niliiomba kwa mkopo kutoka chama chetu, nikailipa kwa majuma kumi. Baba yao alikwenda kumwona mkuu wa shule, wakakubaliana kulipa kidogo kidogo. Na kijana tukamwachia kibarua, lakini cha mchana: kushona nyavu na kugeuza omena wanaoanikwa, Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuwa yake. Tulikubaliana kwamba hatutayagusa pasipo kumwomba.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Kutokana na hayo, na kwa kuzungumza na wazazi wengine, nimekusanya mambo haya. Yanafaa kwa mtoto wa ziwani, na hata kwa yule wa chipsi mjini.

1. Uliza kabla ya kukemea. Anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi, analipwaje, na pesa inakwenda wapi? Ukianza na fimbo, mara ya pili hutaambiwa ukweli.

2. Hesabu nyumba. Nani anakula kutokana na kazi hiyo? Ikiwa ni nyumba nzima, basi tatizo ni la nyumba nzima. Mtoto asibebeshwe halafu aitwe mkaidi.

3. Nenda ukamwone anayemwajiri. Nilikwenda kwa shemeji nikiwa na baba yao. Nikamwambia, "Shemeji, huyu ni mtoto wako pia. Ukimwona kwenye boti usiku kabla hajamaliza shule, ujue mimi sijui." Akaahidi mbele ya ndugu yake kwamba hatamchukua tena siku za shule. Ahadi ya mtu wa ukoo ina uzito.

4. Tumia kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU. Kamati ndiyo inayosimamia mambo ya ufuo, mashua na wavuvi wake, kwa hiyo ina uwezo wa kuweka na kusimamia masharti ya nani anapanda mashua usiku. Wazazi wakiomba kwa pamoja hawapuuzwi kirahisi.

5. Ikiwa mtoto ananyonywa, anapigwa, au msichana anasumbuliwa, usinyamaze kwa ajili ya ujirani. Kuna chifu, kuna afisa wa watoto, na kuna simu ya watoto, nambari 116, isiyolipishwa. Kuhusu karo, uliza shuleni juu ya basari mapema, si siku mtoto anapofukuzwa.

MWAKA ULIOVUNJA MAAGANO

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Maagano yetu yalidumu miezi saba tu. Machi mwaka wa 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona. Baba yao alipunguziwa mshahara, soko likalala. Uvuvi wa omena ulipofunguliwa Agosti, kijana akaja akasema, "Mama, sasa shule haipo. Nizuie kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Alienda, na mashua iliondoka kabla ya saa ya kafyu na kurudi kukipambazuka. Usiku mwingi niliketi mlangoni nikisikiliza ngurumo upande wa ziwa.

Kidato cha nne waliitwa shuleni Oktoba. Yeye alikuwa kidato cha tatu, akabaki nje hadi Januari 2021. Kufikia hapo alikuwa na simu yake, mikono imekuwa migumu, na alikuwa akisema mambo ya kununua taa zake mwenyewe. Nilijua tumempoteza.

Aliyemrudisha si mimi. Jioni ya siku shule zilipofunguliwa alikwenda ufuoni kama kawaida, na shemeji akakataa kumpakia. Akamwambia mbele ya wenzake, "Nilimwahidi baba yako. Kiti chako kiko shuleni. Ukimaliza, boti utaikuta hapa hapa." Kijana alikasirika majuma mawili, hakusema na mtu. Kisha akarudi darasani. Alifanya mtihani wake wa KCSE Machi 2022. Hakupata alama za chuo kikuu, lakini zilitosha kuingia chuo cha ufundi, akasomea umeme.

Mwenzake aliyeanza naye Agosti ile ya 2019 alipata mashua nyingine, hakurudi shule. Leo ni mvuvi hodari, ana mke na mtoto, naye namheshimu, maana uvuvi ni kazi ya heshima na ndio uliotulisha hapa. Lakini aliniambia siku moja tukingoja mashua, "Mama, mimi sikuchagua ziwa. Nilijikuta tu nimo."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wengi tunalitumia neno hilo kuhalalisha fimbo. Mimi naliona hivi sasa: wakati wa kuketi na mtoto na kuhesabu pamoja naye ni mapema, siku ile ya kwanza unapokuta pesa juu ya meza. Nilipozichukua zile mia tatu bila neno, nilimwajiri mwanangu mimi mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, ni vibarua gani vya usiku vinavyofanywa na watoto wa shule? Vipi vya wavulana, vipi vya wasichana?

2. Je, kuna mtoto katika nyumba zetu ambaye pesa yake inanunua chakula? Anajua kwamba tunajua?

3. Ni kazi gani za mchana, zenye malipo ya haki, tunazoweza kuwatafutia vijana wetu wakati wa likizo?

4. Ni nani katika kikundi atakayekwenda kuzungumza na kamati ya ufuo, na lini?